Mguu Unaouma Kwenye Mteremko Tu

Kwanza niseme kwamba mimi ndiye niliyeanza kumwita mwanangu mwongo. Wengine walinifuata mimi. Naliandika hili mwanzoni nisije nikajisahau huko mbele nikaanza kuwalaumu watu, maana nikiwa na hasira kalamu yangu inapenda kulalia upande wangu. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma nusu nusu kwa kulea wadogo zangu. Kwa hiyo nikilieleza jambo la mifupa vibaya, kosa ni langu, si la daktari.

Tunakaa juu, upande wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro. Ukisimama nyuma ya choo chetu unaona mabati ya mji yanavyong'aa, unadhani ni karibu. Kutoka kwetu hadi pikipiki zinapoishia ni mteremko wa saa nzima na zaidi ukiwa na mzigo. Kila Jumamosi tunashusha kabichi na karoti kupeleka sokoni. Mimi nabeba tenga, na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja, alikuwa anabeba ndoo ya karoti. Si mzigo wa ajabu kwa mtoto wa huku. Mimi niliubeba, mama yangu aliubeba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Ilianza masika yalipokwisha. Tulikuwa katikati ya njia, pale penye mawe yanayoteleza, akasema, "Mama, kisigino kinauma."

"Kipi?"

"Vyote viwili."

Nikamwambia atembee, ukisimama ndio kinazidi. Tulipofika chini niliona amelowa jasho usoni na asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Niliona, sikulitia maanani.

Jioni nikamkalisha kizingitini nimtafute funza. Kwetu mtoto akilalamika kisigino, jambo la kwanza ni funza, la pili ni mwiba. Nikachukua pini, nikaipitisha kwenye moto wa koroboi, nikachokoa. Hakukuwa na funza. Nikasema basi ni mwiba umezama, nikachokoa tena kisigino cha pili. Hakukuwa na mwiba. Alilia, nikamwambia akae kimya, nikaendelea kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nikikumbuka hilo mpaka leo vidole vyangu vinaona aibu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilijua. Sikujua.

Kidonda cha pini kikapona. Maumivu hayakwenda popote. Bibi yake, mama yangu mzazi, akamkanda kwa maji ya moto na chumvi siku tatu, akampaka mafuta ya nyonyo, akasema mtoto anakaribia ukubwa, mwili unajitengeneza. Nilimwona mama anazungumza tu maneno ya wazee. Baadaye niligundua kwamba kati yetu wote yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, ila alikuwa karibu bila kujua sababu, nami sikumsikiliza kwa sababu hiyo hiyo.

Kilichoniharibu kichwa ni mbio. Mwanangu alikuwa anakimbia kuliko watoto wote wa shule yao, wavulana wakiwemo. Shule ina uwanja mmoja uliochongwa ubavuni mwa mlima, mpira ukitoka nje unaufuata mpaka mtoni. Siku moja nilipita pale na jembe begani nikamkuta anakimbia. Anaruka kama swala. Hana kuchechemea wala kukunja uso. Na asubuhi ile ile alikuwa amekataa kwenda kuteka maji akisema visigino vinamwua.

Nikasimama pale nikahesabu kichwani. Akibeba ndoo, anaumwa. Akikimbia na wenzake, haumwi. Jumamosi ya sokoni, anaumwa. Siku ya michezo, mzima. Jamani, hata wewe unayesoma ungesema nini?

Nilimngoja nyumbani. Nikamwuliza, "Ni mguu gani huo unaouma kwenye mteremko tu? Kwenye kabichi unauma, kwenye mbio umepona?"

"Nikikimbia unauma pia, mama. Unauma baadaye."

"Baadaye, nikiwa na kazi."

Akachukua ndoo, akaenda mtoni. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaianza safari hiyo ya ubaya, nikaenda mpaka shuleni. Mwalimu wa michezo ni kijana kutoka Mbeya, mpole, anawafundisha watoto mbio bila nyongeza yoyote ya mshahara. Alinisalimia shikamoo, akanipa kiti. Akaniambia kwamba mtoto ana kipaji na amemwandika kwenye orodha ya kambi ya wilaya mjini, wiki mbili, wakitoka huko ni mashindano ya mkoa. Watoto wanaofanya vizuri huenda wakachukuliwa kwenye shule yenye walimu wa riadha. Akasema, "Ila mama, siku hizi baada ya mazoezi huwa ananiambia visigino vinauma. Nimpumzishe?"

Nikamjibu, "Mwalimu, usimsikilize. Huyo anatafuta upenyo wa kukwepa kazi. Mkazanie."

Maneno hayo nayaandika kama nilivyoyasema, sikuyapunguza.

Akamkazania. Alikuwa anafanya nilichomwambia. Na mwanangu akaacha kulalamika, kwangu na kwa mwalimu. Nikajisifu kwa mama yangu kwamba dawa ya uvivu ni kutousikiliza. Wiki nne nzima nilitembea mlimani nikiwa na furaha hiyo.

Halafu ikafika arobaini ya mama mkubwa, dada yake mama. Nielezee kidogo kwa asiyejua mambo yetu. Kuna ukoo ambao sisi ni watani wao tangu mababu. Mtani anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu nami nikacheka, na kwenye msiba ni haki yake kuigiza mwendo na maneno ya marehemu ili watu wapate pumzi. Mtani wetu mkubwa ni jirani yangu, mwanamke wa rika langu, mdomo wake hauna mlango. Siku ile alijifunga kanga ya marehemu kiunoni, akachukua mwiko badala ya fimbo, akapita katikati ya ua akikohoa na kuuliza nani kaiba kuku wake. Alikuwa marehemu mwenyewe. Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na ilikuwa sawa kulia.

Wakamwambia aongeze. Akatazama huku na huku, macho yakamwangukia mwanangu aliyekuwa anaosha vyombo.

"Basi niwaoneshe na mjukuu wa marehemu," akasema. "Mkimbiaji wa mkoa."

Akajitwika ndoo tupu. Akaanza kutembea kwa ncha za vidole, magoti yamekunjwa, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kila baada ya hatua chache anasimama, anaushika ukuta, anavuta pumzi kwa meno. Watu wakaanza kucheka. Halafu akafika penye kona ya nyumba, akageuka kututazama, na papo hapo akashusha visigino chini, akanyoosha mgongo, akatembea vizuri kabisa mbele yetu huku midomo ameibana. "Hapa kaona watu," akasema. Akaipita kona, akarudi kwenye ncha za vidole. "Hapa hawamwoni."

Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla sijaelewa nilichokuwa nakiona, nikaacha. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinama kwenye karai, hakucheka wala hakukasirika. Anasugua sufuria ile ile.

Mtu anayejisingizia ugonjwa anaumwa akionekana. Huyu alikuwa anaumwa akiwa peke yake.

Nilimvuta mtani wangu kando, jikoni kwenye moshi. "Ulimwona wapi akitembea vile?"

"Njia ya mtoni, kila asubuhi. Nalima pale juu, yeye hanioni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mama gani hajui mwanawe anavyotembea?" Akacheka, kisha akaona uso wangu. "Usinitazame hivyo. Mimi mtani wako, sina haja ya kukudanganya, haja yangu ni kukucheka."

Sina la kumlaumu. Alitumia haki yake, na bila haki hiyo ningeendelea kujisifu.

Jumatatu tukaenda zahanati. Tabibu alikuwa peke yake na foleni ilifika nje. Aliuliza maswali mawili, akaandika kipimo cha mkojo na cha malaria, vyote vikatoka safi, akampa vidonge vya maumivu. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Kwa haki, maumivu yalipungua siku mbili. Siku ya tatu yakarudi.

Tukateremka mjini hospitali. Hapo kaka yangu ndiye aliyetusindikiza, na alimbeba mtoto mgongoni sehemu zenye mawe, mtoto wa miaka kumi na moja mwenye miguu mirefu inayoning'inia. Nasema hili mapema kwa sababu nitakayoyasema juu ya kaka yangu baadaye si mazuri. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Baba yake, mume wangu, analima ufuta huko Kisaki, na nilipompigia simu alisema, "Muulize mjomba wake," mtandao ukakatika.

Walimpiga picha ya miguu. Kijana wa picha akasema haioneshi kitu. Nilijisikia namna mbili kwa pamoja: nilifurahi hakuna kilichovunjika, na nikaogopa kwamba nimerudi kule kule kwenye uongo. Kaka akanitazama jicho la "si unaona".

Mwisho tukaingia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mzima mwenye miwani. Hakuanza na mguu. Alimtazama mwanangu kuanzia juu, akauliza, "Amerefuka lini?"

Nikasema sijui. Kisha nikakumbuka sketi ya shule. "Nimeishusha pindo mara mbili mwaka huu, baba. Sasa hakuna pindo tena."

Akakishika kisigino kwa kiganja, akakibana ubavu huku na huku kwa vidole, taratibu, kama mtu anayepima parachichi sokoni. Mwanangu akaruka, akauvuta mguu. Akabana cha pili, akaruka tena. Mtaalamu akasema, "Mtoto hadanganyi." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tulisema anadanganya. Nadhani anawaona wengi kama sisi.

Alitueleza hivi, kadiri nilivyoshika. Mfupa wa kisigino wa mtoto bado haujawa mmoja. Nyuma kuna kipande, na kati yake na mfupa mkubwa kuna sehemu laini ambayo ndipo mfupa unapokulia. Mtoto akirefuka haraka, mifupa inatangulia, misuli ya nyuma ya mguu inabaki imekaza kama kamba fupi, inakivuta kile kipande. Ukiongeza kukimbia na kuruka, na kushuka mlima unapiga kisigino chini na mzigo juu, panavimba kwa ndani. Picha mara nyingi haioneshi kitu, na haina maana kwamba hakuna kitu. Nikamwuliza mbona akikimbia haonekani kuumwa. Akasema kwenye mbio fupi mtoto anakimbia kwa ncha za vidole, mwili ukipata moto na wenzake wakishangilia anavumilia, malipo yanakuja jioni.

"Dawa yake?"

"Kupumzika. Aache mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie. Kitu laini ndani ya viatu, pande zote mbili, kuinua kisigino. Maji ya baridi. Na mazoezi ya kunyoosha misuli nitamwonesha. Siyo ugonjwa wa kuogopa, mama. Akimaliza kukua hapo, utaisha wenyewe."

"Lini?"

"Wengine wiki, wengine miezi. Wengine unarudi rudi. Siwezi kukupa tarehe."

"Sasa hivi apunguze kupanda na kushuka," akaongeza.

"Baba, sisi tunakaa mlimani."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Basi apunguze kadiri mnavyoweza."

Alikuwa mtu mwema na alitupa muda. Lakini nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyokasirika zahanati. Nilitaka jina la ugonjwa na chupa ya dawa. Nimeteremka mlima mzima naambiwa nirudi nikangoje mtoto akue.

Kaka hakungoja tufike nyumbani. "Ugonjwa wa kukua? Sisi hatukukua? Nani kati yetu alitembea kwa ncha kama mwizi?"

"Hujui," nikamwambia. "Huenda tulikuwepo tukaitwa wavivu."

"Kambi inaanza baada ya wiki mbili. Nimeshawaambia watu wote mpaka Mlali."

"Mjomba, nitakuwa nimepona," mwanangu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu hospitali.

Nilikata vipande vya ndala iliyochakaa, nikavilaza ndani ya viatu vyake vya shule. Mara ya kwanza nilikata vinene mno, kisigino kikawa kinachomoka kila hatua, nikakata upya. Asubuhi na jioni anasimama akisukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, ananyoosha. Akitoka shule anakaa kwenye jiwe mtoni, miguu ndani ya maji, na maji ya kule yanauma kwa baridi. Kabichi nikazishusha mwenyewe kwa safari mbili, Ijumaa na Jumamosi. Siandiki hilo nisifiwe. Naandika kwa sababu njiani nilikuwa nahesabu ni safari ngapi aliteremka na ndoo akiwa na visigino vile, na sikuipata hesabu.

Nikarudi kwa mwalimu. Nilimwomba amwondoe kwenye orodha.

Alifunga daftari lake. Halafu akasema kwa adabu zote, "Mama, wewe ndiye uliyeniambia nisimsikilize."

"Ndiyo, mwalimu."

"Alishaacha kulalamika. Nikajua ulikuwa sahihi."

"Ndiyo."

Akasema jina linaweza kubaki mpaka siku tatu kabla, tuone. Angeweza kunisema zaidi, hakunisema.

Siku hizo zilipofika kaka alikuja na kuketi uani, mama yangu yupo, mtani wetu naye akajipenyeza bila kualikwa kama kawaida yake. Kaka akasema tumalize kwa haki: mtoto aulizwe mwenyewe.

"Visigino vinauma?"

"Haviumi, mjomba."

Akamwambia aruke. Akaruka mara kumi, hakukunja uso. Kaka akafungua mikono kunitazama, kama mtu aliyemaliza kesi.

Nikapiga magoti, nikakishika kisigino kama nilivyomwona mtaalamu akishika, nikabana pande mbili. Hakuuvuta. Nikabana cha pili. Hakuuvuta. Lakini mguu wote, kuanzia goti, ulikuwa umekuwa mgumu kama mpini mkononi mwangu, na sikuthubutu kuinua macho.

"Haendi," nikasema.

"Kwa ushahidi gani?" kaka akauliza. Na kweli sikuwa nao. Kila mtu alikuwa ameona mtoto mzima.

Mtani akajaribu kusaidia. "Mpelekeni, akishindwa mbio ataigiza kuku." Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaona aibu, jambo ambalo sijaliona tena.

Mwanangu ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Nilipokuambia inauma hukuniamini. Nakuambia haiumi, huniamini. Nikuambie nini, mama?"

Jibu lake nimejaribu kuliandika humu mara tatu nikakata. Kaka akasimama, akasema yeye ni mjomba, neno ni lake. Nikamwambia neno ni lako, miguu ni yake, na aliyeiharibu ni mimi, kwa hiyo safari hii nitakosea kwa upande wa kumpumzisha. Mama yangu, ambaye siku zote anasimama na mwanawe wa kiume, akasema, "Mwache mtoto." Kaka akaondoka bila kuaga. Baada ya wiki alirudi na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, hatukuongelea jambo hilo.

Kama ningempeleka, labda angekimbia na kushinda na maumivu yangeisha yenyewe, kama alivyosema mtaalamu kwamba mwisho wake ni kuisha. Labda nimemnyima shule. Labda nimemwokoa na mwaka mzima wa kuchechemea. Hakuna mtu wa kuniambia ni ipi, na hilo ndilo linalonichosha. Kama ni dawa, unakunywa, unaona.

Maumivu yalipungua baada ya miezi miwili hivi. Yalirudi mvua zilipoanza, yakapungua tena. Sasa huteremka mikono mitupu nyuma yangu, hatua zake nazisikia, nasikiliza kama kisigino kinagusa chini. Nikigeuka ananitazama kama dereva anayesimamishwa kila kizuizi.

Nafasi yake kambini alipewa msichana wa darasa lake. Nilikutana na mwalimu njiani, akaniambia yule binti alimaliza wa tatu mkoani. Nilifika nyumbani nikamwambia mwanangu, kwa sababu niliona si haki alisikie kwa wengine. Alikuwa anachambua njegere. Aliendelea kuchambua.

"Alikimbia na viatu au peku?" akauliza.

"Sijui. Sikuuliza."

"Ungeuliza," akasema, akamwaga maganda nje, akaenda mtoni.